Vidhibiti mwendo vya malori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva na wenye magari wa Dar es Salaam

Maswali yaliyo hapa chini nimeyasikia kwenye yadi za Kurasini, kwenye gereji za Tabata, na kwenye foleni za Barabara ya Mandela, ambako dereva wa semi hupata muda mrefu wa kuzungumza kuliko anavyopenda. Mengine huulizwa na wenye magari, na machache na watu wanaoishi kando ya Barabara ya Morogoro, ambao hawajawahi kuendesha lori lakini huvuka barabara pamoja nayo kila siku. Nimeyajibu kwa urefu pale jambo lilipohitaji urefu, na kwa ufupi pale lisipohitaji.

Kidhibiti mwendo ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kinachoizuia injini isilisukume lori kupita mwendo uliowekwa. Madereva wengi hukiita spidi gavana, nami nitayatumia majina yote mawili. Katika malori ya zamani kilikuwa kifaa cha pembeni kilichofungwa kwenye njia ya dizeli au kwenye waya wa akseleta, na fundi aliweza kukionyesha kwa kidole. Katika malori mengi ya sasa hakuna cha kuonyesha, kwa sababu kidhibiti ni sehemu ya programu iliyomo ndani ya kompyuta ya injini. Sensa iliyofungwa kwenye giaboksi huhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenda kwenye difu, hesabu hiyo hufika kwenye mita ya spidi na kwenye kompyuta, na mwendo unapokaribia kikomo kompyuta hupunguza dizeli inayopulizwa na nozeli. Dereva ataendelea kukanyaga, lakini pedali haitampa kitu zaidi.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu nusu ya makosa ninayoyasikia yanatokana nalo: kidhibiti mwendo hakifungi breki. Kinachofanya ni kupunguza mafuta tu. Lori likiwa kwenye mteremko na mzigo nyuma, uzito wenyewe unaweza kulipeleka kilomita 100 kwa saa au zaidi huku kidhibiti kikiwa kizima kabisa na kikifanya kazi yake yote.

Je, ni kitu kilekile na gavana ya pampu ya dizeli?

Hapana. Gavana ya pampu huilinda injini isizunguke kupita kiasi, hata lori likiwa limesimama. Kidhibiti mwendo hakijali injini inazunguka mara ngapi, bali hujali gurudumu linakwenda kasi gani barabarani.

Sheria yetu inaruhusu lori kwenda mwendo gani?

Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, gari la biashara lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500 halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa kwa magari yote. Pale ambapo alama imewekwa kuonyesha mwendo mdogo zaidi, alama hiyo ndiyo inayofuatwa. Dereva akipigwa tochi na kukutwa amezidisha, faini ya papo kwa papo inayojulikana na kila mtu njiani ni shilingi 30,000 kwa kosa.

Kikomo hiki humfunga dereva, awe na kidhibiti au asiwe nacho. Nimewahi kumsikia dereva akimwambia askari kwamba gari lake limewekewa 80, hivyo haiwezekani awe na kosa. Alikuwa amepita katikati ya watu Mbezi kwa kilomita 74 kwa saa. Kifaa kilichowekwa 80 si kibali cha kwenda 80 kila mahali, na askari alikuwa na haki ya kumwandikia.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuyalazimisha malori yenye uzito wa jumla unaozidi tani 12 kuwa na vidhibiti mwendo mwaka 1994, kwa agizo lililopitishwa mwaka 1992, na agizo jingine la mwaka 2002 likaushusha uzito huo hadi tani 3.5. Kikomo huko ni kilomita 90 kwa saa. Japani iliyawekea malori yake makubwa kikomo hichohicho mwaka 2003, na majimbo ya Ontario na Quebec nchini Kanada yakaweka kilomita 105 kuanzia mwaka 2009. Marekani ilipendekeza kanuni kama hiyo mwaka 2016, mjadala ukaendelea kwa miaka mingi, na mwaka 2025 serikali ikaliondoa pendekezo hilo bila kulifanya sheria.

Jirani zetu Kenya walichukua hatua mapema. Kanuni za mwaka 2003, ambazo watu huziita kwa jina la waziri wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutumika Februari 2004, na pamoja na mikanda ya abiria zilidai kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa kwenye matatu, mabasi na magari ya mizigo yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048. Hapa kwetu nguvu kubwa imeelekezwa kwenye mabasi, ambayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, huyafuatilia kwa mfumo wa setilaiti unaoonyesha mwendo wa kila basi. Katika malori, kwa kiasi kikubwa kazi hiyo hufanywa na mwenye gari mwenyewe, na hapo ndipo tofauti kati ya ofisi moja na nyingine inapokuwa kubwa.

Nimenunua kichwa cha semi kilichotumika Ulaya. Mbona hakipiti kilomita 90, na fundi anasema kina ugonjwa?

Hakina ugonjwa. Kimetoka kwenye nchi ambako sheria ilikidai kiwekewe kikomo, na kikomo hicho kimeingia nacho bandarini Dar es Salaam kikiwa bado ndani ya kompyuta yake. Vichwa vilivyotumika Uingereza huwa vimewekewa maili 56 kwa saa, ambazo ni kilomita 90. Watu hulipa fedha kuondoa kitu ambacho, kwa sheria yetu ya kilomita 80, bado kiko juu kwa kilomita 10. Kama utamwita fundi mwenye kompyuta ya kampuni iliyotengeneza gari, mwambie akishushe badala ya kukiondoa.

Basi swali lenyewe: dereva anaweza kukikwepa kidhibiti mwendo?

Anaweza. Kusema haiwezekani kungekuwa kumdanganya msomaji, na madereva wanajua vizuri kwamba inawezekana. Imefanyika Ulaya, imefanyika Kenya, na inafanyika hapa. Sitaeleza namna ya kufanya, lakini nitaeleza kila njia inaliachaje lori, kwa sababu hilo ndilo fundi wa pembeni ya barabara asilomwambia mteja wake.

Njia ya kwanza ni kuidanganya sensa ya giaboksi ili kompyuta iamini kwamba lori linakwenda polepole kuliko hali halisi. Ubaya wake ni kwamba taarifa ya sensa hiyo haiendi kwenye kidhibiti peke yake. Hiyohiyo ndiyo inayoisogeza mita ya spidi, inayohesabu kilomita za kubadilisha oili, na katika malori mengi yenye giaboksi ya kujibadilisha ndiyo inayoamua gia gani iingie. Dereva aliyeidanganya sensa amejipofusha mwenyewe: hajui tena anakwenda mwendo gani. Sensa za breki za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, ziko kwenye magurudumu yenyewe. Hizo huendelea kusema ukweli, na katika malori ya kisasa kompyuta hulinganisha hesabu hizo mbili, ikaona haziendani, ikawasha taa kwenye dashibodi na kuandika kosa kwenye kumbukumbu yake. Kosa hilo hubaki humo hata baada ya ujanja kuondolewa, na fundi yeyote mwenye mashine ya kusomea atalikuta.

Njia ya pili ni kumpa mtu kompyuta ya gari aibadilishe programu yake. Hii huonekana safi kwa sababu haiachi waya uliokatwa wala kifaa cha ajabu kwenye giaboksi. Tatizo ni kwamba anayefanya kazi hiyo kwa nakala ya programu isiyo halali mara nyingi hapakii kikomo kipya peke yake, bali hupakia faili zima lililotoka kwenye gari jingine, na pamoja na kikomo yanabadilika mambo ambayo hukumwomba: nguvu ya injini, kiwango cha joto ambacho injini hujilinda nacho, kiasi cha dizeli. Nimeona injini iliyokufa miezi michache baada ya matengenezo ya namna hii, na mwenye gari akalaumu dizeli ya Chalinze hadi siku kompyuta iliposomwa.

Njia ya tatu haihitaji fundi wala fedha, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua zaidi. Ni kuliweka lori kwenye gia huru na kuliachia mteremkoni. Dereva anayefanya hivyo Kitonga, Sekenke au Iwambi kule Mbeya amekikwepa kidhibiti bila kukigusa, kwa sababu, kama nilivyosema, kidhibiti hakina breki. Lakini amejinyang'anya pia breki ya injini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya uzito, na kazi yote sasa inaiangukia breki ya mguu. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo kwa kilomita kadhaa hupata moto, ngoma hutanuka, bitana hupoteza uwezo wa kushika, na dereva hugundua jambo hilo wakati amebaki na kona na watu mbele yake. Lori lenye ekseli saba linaruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuwa na uzito wa jumla wa tani 56. Uzito huo ukishaanza kujiendesha wenyewe hakuna mkono wa mtu unaoweza kuuzuia.

Wapo wanaojitetea kwamba gia huru huokoa dizeli. Kwa injini za kisasa ni kinyume. Lori likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya akseleta, kompyuta hukata dizeli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwekwa gia huru, injini hulazimika kuchoma dizeli ili isizime.

Ofisi itajuaje kwamba nimekikwepa?

Kwa njia nyingi, na nyingine hazihitaji teknolojia yoyote. Kifaa cha kufuatilia gari hupata mwendo kutoka setilaiti, si kutoka giaboksi, hivyo mita inayosema 78 huku setilaiti ikisema 97 ni ushahidi tosha. Muda wa kupita mizani ya Vigwaza na muda wa kufika mizani ya Mikese hujulikana, umbali kati yake haubadiliki, na mtu mwenye kalamu anaweza kugawa. Dizeli nayo husema: nguvu ya upepo unaolizuia lori hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kilomita 100 upepo hulirudisha nyuma kwa nguvu inayozidi ile ya kilomita 80 kwa asilimia 56, na tofauti hiyo hulipwa kutoka kwenye tanki.

Na kama kifaa cha kufuatilia nacho kikizibwa?

Pengo kwenye ramani ni taarifa kama taarifa nyingine. Gari lililopotea Mlandizi na kuonekana tena likikaribia Morogoro limeshajieleza.

Lakini si kweli kwamba nikienda 100 nitawahi?

Utawahi kidogo sana kuliko unavyofikiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Kwenye karatasi, tofauti ya kwenda 80 na kwenda 100 safari nzima ni zaidi ya saa mbili, na hesabu hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Hakuna lori linaloshika 100 safari nzima. Kuna foleni ya kutoka mjini, kuna Kimara hadi Kibaha ambako daladala, bodaboda na watu wanaovuka hawaishi, kuna mizani, kuna matuta ya kila kijiji, kuna kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako wanyama huvuka, kuna Kitonga. Tuchukulie kwamba barabara iliyo wazi kabisa ni kilomita 300. Kwa mwendo wa 80 utazimaliza kwa saa tatu na dakika 45, na kwa 100 utazimaliza kwa saa tatu. Umepata dakika 45, na unakwenda kuzikabidhi kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, ambayo kuna nyakati huhesabiwa kwa siku.

Sasa tazama unacholipia dakika hizo. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi aguse breki. Lori lenye breki nzuri kwenye lami kavu, likienda 80, litasimama baada ya mita 83 hivi, ukijumlisha umbali wa kushtuka na umbali wa breki. Likienda 100 litahitaji mita 119. Ziada hiyo ya mita 36 inapita urefu wa semi mbili zilizofuatana. Kuna jambo baya zaidi: pale ambapo lori la kwanza, la 80, limeshasimama kabisa, la pili, la 100, bado linakwenda karibu kilomita 68 kwa saa. Mtoto anayevuka mahali hapo angeokoka mbele ya lori la kwanza, na mbele ya la pili hana nafasi. Hesabu hii imechukua lami kavu na breki nzuri. Kwenye mvua za masika, na breki tunazozijua, tofauti ni kubwa zaidi.

Kama faida ni ndogo hivyo, kwa nini madereva hukikwepa?

Hili ndilo swali ambalo wenye magari hawaniulizi, nami hulitaja hata bila kuulizwa. Dereva wa malipo ya tripu hulipwa kwa kufika, si kwa saa anazokaa kwenye usukani. Kontena likichelewa bandarini Jumatatu na Jumanne, likitoka Jumatano usiku, tarehe aliyoahidiwa mteja wa Lusaka haisogei, na tozo ya kuchelewesha kurudisha kontena tupu inaendelea kuhesabiwa. Siku mbili zilizopotea ofisini na getini hutarajiwa zirudishwe na mguu wa dereva. Ofisi hiyohiyo iliyofunga kidhibiti humpigia simu saa saba usiku kumuuliza amefika wapi na kwa nini bado yuko Makambako.

Kwa maoni yangu kidhibiti kilichofungwa na ofisi isiyobadilisha ratiba ni kifaa kilichofungwa ili kivunjwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki kabla ya saa za ziada. Mwenye gari anayepanga safari achukue karatasi, agawe umbali kwa mwendo halisi wa lori, ambao kwa barabara zetu ni mdogo sana kuliko 80, aongeze mizani, chakula na usingizi, ndipo amwambie mteja tarehe. Madereva walipogoma Aprili 2015, pamoja na suala la mafunzo ya kila wanapohuisha leseni, walidai pia mikataba ya ajira ya maandishi. Dereva asiye na mkataba hana pa kusimamia anaposema kwamba ratiba hii haiendeki kwa mwendo halali.

Kidhibiti hakinihatarishi ninapotaka kuovateki?

Malalamiko haya yana ukweli ndani yake na hayastahili kupuuzwa. Lori lililofungiwa 80 likitaka kulipita lililofungiwa 78 litakaa upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu mno. Ulaya jambo hili hutokea kwenye barabara za njia mbili kwa kila upande, na Wajerumani huliita mbio za tembo, kwa sababu magari madogo nyuma hukwama yakisubiri. Kati ya Kibaha na Morogoro, ambako gari linalokuja liko kwenye njia hiyohiyo unayoitumia kupita, kukwama si adha tu.

Hata hivyo jibu si kukiondoa kidhibiti. Dereva aliyefungiwa 80 anatakiwa kuamua kabla ya kutoka nje ya mstari, si akiwa pembeni ya mwenzake, na kama tofauti ya mwendo ni kilomita mbili au tatu hana sababu ya kupita. Dereva anayepitwa naye aachie akseleta kidogo. Kitendo hicho hakigharimu hata dakika moja, na madereva wazee wa njia ya Zambia walikuwa wakikifanya bila kufundishwa na mtu.

Gari langu halivuti mlimani. Ni kosa la spidi gavana?

Karibu kila mara si kosa lake. Kidhibiti huanza kufanya kazi lori linapokaribia kikomo. Ukiwa Kitonga unapanda kwa kilomita 20 kwa saa, kidhibiti cha 80 hakihusiki hata kidogo. Tafuta kwanza filta ya dizeli, bomba la upepo wa tabo lililopasuka, au nozeli. Kwa vichwa vya Ulaya vinavyotumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa injini, kuna sababu nyingine inayowachanganya mafundi wengi: tangi la AdBlue likiwa tupu au mfumo wake ukiharibika, kompyuta huipunguzia injini nguvu kwa makusudi. Dereva huhisi amefungiwa mwendo, fundi hutafuta kidhibiti, na fedha huteketea mahali pasipo na tatizo.

Nikibadilisha saizi ya tairi, kidhibiti kitabaki sahihi?

Hapana. Kompyuta hujua mizunguko tu, na mtu ndiye aliyeiambia kila mzunguko ni umbali gani. Tairi mpya ya 295/80 R22.5 ina kipenyo cha milimita kama 1,044, na ya 315/80 R22.5 ina milimita kama 1,076. Ukitoa ya kwanza na kufunga ya pili, lori lililowekewa 80 litakwenda karibu 82.5 huku mita ikisema 80. Ukibadilisha saizi, gari lirekebishwe hesabu yake.

Ukiwa hapo kwenye tairi, tazama pia herufi iliyo baada ya namba za uzito. F ni kilomita 80 kwa saa, G ni 90, J ni 100, K ni 110, L ni 120. Herufi hiyo ni kwa tairi lililojaa upepo sawasawa na lisilozidishiwa mzigo. Tairi lililovishwa upya, lililobeba zaidi ya uwezo wake, kwenye lami ya mchana wa Dodoma, halina kilomita hizo hata kama herufi inazitaja.

Bima italipa kama ajali itatokea na kidhibiti kimechezewa?

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, na lengo lake ni kumlinda aliyegongwa. Bima kubwa inayolifidia lori lako na mzigo ni mkataba, na mikataba ya namna hii kwa kawaida humtaka mwenye gari alitunze na atangaze mabadiliko yaliyofanywa. Mkaguzi wa kampuni ya bima akiikuta kompyuta iliyobadilishwa au sensa iliyochezewa, umempa sababu ya kukataa dai lako au kulipunguza. Soma masharti ya karatasi uliyosaini kabla ya ajali.

Je, kidhibiti cha 80 kinawalinda watu wa Kimara na Mbagala?

Kinawalinda kidogo. Kidhibiti hakijui kwamba lori limeingia mjini. Kati ya 50 na 80 kuna nafasi ya kuua mtu, na kidhibiti hakiingilii hapo. Magari mapya yanayouzwa Ulaya tangu Julai 2024 yanatakiwa kuwa na mfumo unaosoma alama za barabarani na kumtahadharisha dereva anapozidisha mwendo wa eneo alilopo, lakini malori yanayobeba mizigo yetu leo hayana kitu hicho. Mjini kinachofanya kazi ni dereva, tuta, na askari mwenye tochi, na anayeishi Barabara ya Kilwa ana haki ya kuvidai vyote vitatu.

Bosi ameniambia nikatoe kidhibiti. Nifanye nini?

Mwombe akuandikie, hata kwa ujumbe wa simu. Mara nyingi ombi hilo hulimaliza jambo, kwa kuwa anayejua anaagiza kosa hapendi kuliandika. Akisisitiza, mjibu kwa heshima na kwa maandishi kwamba faini, leseni na kesi ya ajali vitakuwa kwa jina lako, kwa hiyo huwezi. Ujumbe huo uutunze. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa kazi, kwa kuwa ukichelewa utalazimika kwanza kueleza sababu ya kuchelewa kabla hujasikilizwa. Nenda na ujumbe huo, mkataba kama unao, na karatasi za safari zinazoonyesha kwamba ulikuwa dereva wa gari hilo. Asiye na mkataba wa maandishi asikae nyumbani akidhani hana haki, kwa sababu posho zilizotumwa kwenye simu, karatasi za mizani na nyaraka za mpakani zenye jina lake huonyesha alikuwa akimfanyia nani kazi.

Kidhibiti kimeharibika nikiwa njiani. Nisimame?

Inategemea kimeharibikaje. Kama lori linakataa kupita mwendo mdogo, kwa mfano 40, kaa kushoto, washa taa za tahadhari panapohitajika, na ufike kwenye gereji ya karibu. Kama kimeacha kuzuia, lori lako sasa ni kama malori yasiyokuwa nacho, na 80 yako utaishika kwa mguu. Lakini kama mita ya spidi nayo imekufa au inaruka, usiendelee na safari kwa kukisia, hasa kama mbele yako kuna mteremko. Egesha mahali salama, weka pembetatu zako nyuma na mbele, piga simu ofisini, na uandike saa na mahali ulipogundua. Sensa ya giaboksi ni kifaa kidogo, na fundi aliyezoea gari la aina yako huibadilisha bila kushusha giaboksi.